Huzuni ndiyo iliyotangulia kliniki: kisa cha kijana wa picha za pasipoti

Alikuja mwezi wa nane, upepo wa Dodoma ukiwa umeshika kasi na vumbi linaingia hadi kwenye chai. Alikuwa amevaa barakoa. Hilo halikunishangaza, msimu ule wengi mjini huvaa. Kilichonishangaza ni kwamba hakuivua hata ndani, mlango na dirisha vimefungwa, na kila alipotaka kunywa maji aligeukia ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja mwenyewe au umeletwa?"

"Dada ndiye kanileta. Anasema nina sonona."

Karatasi aliyokuja nayo kutoka kituo kimoja cha afya ilisema hivyo hivyo: sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, amewekwa kwenye amitriptilini, dawa ya sonona, miligramu 25 kila usiku, mwezi wa nne sasa, analala zaidi lakini hana nafuu. Umri miaka 23. Kwenye mstari wa kazi waliandika neno moja: picha.

Jina lake silitaji, na baadhi ya mambo nimeyapindua ili hata jirani yake akisoma asimtambue. Nitamwita kijana.

Nilimpa yale maswali tisa ya kupima sonona ambayo wengi wetu tunayatumia kwa Kiswahili. Alipata 17 kati ya 27. Si kidogo. Hamu ya kula imepungua, hafurahii kitu, anajiona hana thamani, na kwenye swali la tisa, lile la kuwaza kwamba afadhali ungekufa, alichagua "siku kadhaa". Nilimuuliza waziwazi kuhusu hilo, bila kuzunguka. Kwetu watu husita kulijibu, mojawapo ya sababu ni kwamba Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na mgonjwa hajui kama anaongea na mtabibu au na shahidi. Alisema anawaza, hana mpango, hajawahi kujaribu. Tulikubaliana nani atampigia usiku ukiwa mzito, na dada yake akaingizwa kwenye makubaliano hayo siku hiyo hiyo.

Hapo ningeweza kuishia. Sonona ilikuwa ya kweli, ushahidi uko mezani, dawa ilikuwa ndogo, ningependekeza iongezwe na maisha yaendelee. Nilisita kwa ajili ya barakoa tu. Nikamuuliza swali ambalo siku hizi namuuliza kila kijana anayeletwa kwa huzuni: kuna sehemu ya mwili wako ambayo namna inavyoonekana inakusumbua, unaiwaza sana na unatamani ungeweza kuiwaza kidogo?

Alikaa kimya muda mrefu. Nje bodaboda zikapita mbili tatu.

"Mama, kwani huoni?"

"Nione nini?"

Akaishusha barakoa kwa vidole viwili, nusu sekunde, akairudisha. Nikafanya kosa ambalo wanafunzi wangu nawakataza kila siku. Nikasema, "Mbona ngozi yako nzuri tu, mwanangu."

Hakurudi kwa wiki tatu.

Kazi ya kufuta madoa

Alikuwa akipiga picha za pasipoti kwenye duka la stesheneri katikati ya mji. Tangu serikali ihamie Dodoma kazi hiyo haikauki. Watu wanashuka na mabasi na treni ya mwendokasi kuja kwenye usaili wa ajira, na kila mara kuna aliyesahau picha. Kitambaa cha bluu ukutani, kiti cha plastiki, taa mbili. "Nyanyua kidevu kidogo, kaka. Hapo hapo." Kisha kompyuta: anaukuza uso mpaka shavu linajaza kioo chote, anachukua kipande cha ngozi safi, anakipachika juu ya chunusi, imekwenda. Alinionyesha siku moja kwa kutumia picha ya mfano. Sikuhesabu hata hadi tano.

Kwenye kompyuta hiyo alikuwa na folda aliyoipa jina "Risiti" ili mwajiri asiifungue. Ndani mlikuwa na picha zaidi ya mia tatu za uso wake, karibu zote za shavu la kulia na ubavu wa pua, kila moja kwa mwanga tofauti. Alikuwa anatafuta mwanga ambao ungemwambia ukweli. Hakuna hata moja aliyoichapisha. Kitambulisho cha taifa hakuwa nacho, kwa sababu pale NIDA wanakupiga picha wao na huwezi kuiediti. Bila namba ya NIDA huwezi kusajili laini ya simu, kwa hiyo laini yake ilikuwa kwa jina la dada. Utaona jinsi doa moja lisiloonekana na mtu linavyoweza kumtoa kijana mzima kwenye orodha ya raia.

Siku yake ilianza saa kumi alfajiri. Aliamka kabla ya dada na watoto ili apate kioo cha bafuni peke yake, na humo alikaa mpaka saa kumi na mbili: kuangalia, kubonyeza, kuchomoa kwa kibano kitu alichokiita "mizizi", kupaka, kufuta, kupaka tena. Alichokuwa akipaka ni tyubu ya krimu ya steroidi, ambayo kimsingi inahitaji cheti cha daktari lakini yeye alikuwa akiinunua kama anavyonunua sabuni. Mchana aliangalia kwenye kioo cha pembeni cha bodaboda iliyoegeshwa, kwenye simu iliyozimwa, kwenye mgongo wa kijiko cha mama lishe. Kwenye daladala ya kutoka Nkuhungu alikaa siti ya nyuma, upande wa kulia, dirishani, ili shavu la kulia litazamane na kioo badala ya abiria. Gari ikija na siti ile imekaliwa, aliisubiri nyingine. Tulipojumlisha saa kwa kalamu na karatasi zilifika karibu tano kwa siku, mbali na muda wa kuwaza tu.

Waswahili tunasema nyani haoni kundule. Huyu alikuwa haoni kingine.

Jina la tatizo hili kitaalamu ni dismofia ya mwili. Enrico Morselli, tabibu wa Italia, alilieleza mwishoni mwa karne ya 19 kama hofu ya kuwa na umbo baya. Kwa muda mrefu lilihesabiwa pamoja na magonjwa ya kulalamikia mwili. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili ulilihamishia kwenye familia ya mawazo na vitendo vya kujirudia, na uainishaji mpya wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 nao umeliweka huko. Ili liitwe hivyo, kasoro inayomsumbua mtu iwe haionekani na wengine au ni ndogo sana, pawepo vitendo vya kurudiarudia kama kujiangalia au kuuliza, na maisha yawe yameumia kweli. Katika nchi zilizopima, watu wapatao wawili katika kila mia wanalo, wanaume karibu sawa na wanawake, na kwa walio wengi huanza katika ujana, kabla ya miaka 18. Wanaolalamikia ngozi ndio wengi zaidi, kisha nywele na pua.

Kwa kijana wetu lilianza kidato cha pili. Alikuwa na chunusi za kweli, kama wenzake nusu darasa. Mtu mmoja akambandika jina "Gome", yaani gome la mti. Likashika. Chunusi ziliondoka akiwa na miaka 18, jina halikuondoka.

Watu watatu, maelezo matatu

Alipotoweka zile wiki tatu nilimpigia dada yake, nikazungumza pia na mama yao aliyepanda gari kutoka kijijini Chamwino. Kijana alikuwa amekubali tangu siku ya kwanza kwamba naweza kuongea nao. Mwajiri nilimsikia kupitia kwao tu.

Mwajiri alisema ni mvivu. Anachelewa, picha moja inachukua nusu saa, wateja wakizidi anajificha stoo. Dada alisema ana majivuno: "Anajitazama kuliko bibi harusi, mama. Sisi wengine tunanawa tunatoka." Mama yao hakusema hili wala lile. Alisema, "Huyu ndivyo alivyo. Tangu mdogo ana haya." Alisema kwa fahari, maana haya kwetu ni sifa. Mtoto asiye na haya ndiye anayelaumiwa.

Hapa ndipo suala la haiba, yaani tabia ya kudumu ya mtu, linapoingia, na ndipo mtu anapoweza kupotea. Mama alinihadithia kwamba mtoto huyu alikuwa akichana ukurasa mzima wa daftari kwa sababu herufi moja imepinda. Aliposimamishwa mbele ya darasa alilia. Akitumwa kwa jirani akakuta watu wamecheka, alirudi akidai wamemcheka yeye. Hayo yote yalikuwapo kabla ya chunusi, kabla ya "Gome", kabla ya kompyuta. Ni mtu anayeumia upesi, anayetaka kila kitu kiwe kamili, na anayesikia kukataliwa hata pale ambapo hakuna aliyemkataa.

Inalingana na tafiti. Wataalamu wanaopima haiba kwa pande tano kuu wamewakuta watu wenye dismofia wakiwa juu sana kwenye upande wa wasiwasi na kuumia haraka, na chini kwenye uchangamfu wa kuwa na watu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliwakuta zaidi ya nusu ya wagonjwa wake na kiwango cha matatizo ya haiba kinachostahili kupewa jina la ugonjwa, na lililoongoza lilikuwa lile la kukwepa watu kwa hofu ya kudharauliwa.

Mwenzangu mmoja niliyemsimulia kisa alisema basi ndilo hilo, andika haiba ya kukwepa, tumalize. Nilikataa. Mtu anayeamini kwamba ana kitu cha kutisha usoni lazima awakwepe watu. Ungeamini hivyo na wewe ungewakwepa. Utapimaje haiba ya mtu aliyejificha nyuma ya barakoa kwa miaka mitatu? Ni kama kupima kasi ya mtu akiwa amebeba gunia la mahindi. Katika utafiti ule ule, wagonjwa waliopata nafuu kwa dawa walipopimwa tena, yale "matatizo ya haiba" yalikuwa yamepungua. Haiba haipungui kwa miezi michache. Kilichopungua kilikuwa ni gunia. Kwa hiyo niliandika kwenye faili: tabia za kuumia haraka na kutaka ukamilifu, za tangu utotoni, kukwepa watu, tusubiri.

Na ukamilifu wake ulikuwa na sura ya uvivu. Hakuchelewa kazini kwa kutojali. Alichelewa kwa sababu hakuweza kutoka bafuni mpaka uso uwe sawa, na haukuwa sawa kamwe. Picha ya mteja ilichukua nusu saa kwa sababu hiyo hiyo. Mwajiri alikuwa anamkata mshahara kwa kosa la kujali kupita kiasi.

Majivuno ndiyo maelezo yaliyoniudhi zaidi, labda kwa sababu nimeyasikia mara nyingi. Mwenye majivuno hujitazama akaridhika. Huyu alikuwa akitoka kwenye kioo kama mtu anayetoka mochwari.

Kipi kilitangulia

Alirudi. Dada alimwambia nimekiri kwamba nilikosea kusema vile, na nadhani hilo ndilo lililomrudisha. Nikampa kazi: daftari dogo, safu tatu. Saa ngapi, moyo uko wapi kwa alama 0 hadi 10, na umekaa kwenye kioo dakika ngapi.

Yeye mwenyewe aliamini hivi: najiangalia kwa sababu nina huzuni, na nina huzuni kwa sababu nina sura mbaya. Duara lililofungwa, halina pa kuingilia. Daftari la siku kumi na nne likafungua mlango. Siku nyingi aliamka moyo ukiwa 5 au 6. Si wa furaha, lakini unabeba. Anaingia bafuni. Anatoka akiwa 2. Hakuna kilichotokea katikati: hakutukanwa, hakufukuzwa, hakupata habari mbaya. Kioo tu na kibano. Siku moja maji yalikatika, watoto wakawa wanagombania ndoo bafuni, hakupata nafasi ya kujiangalia. Aliandika 6 asubuhi, 6 saa nne, 5 mchana. Aliponionyesha mstari ule aliweka kidole juu yake, hakusema kitu.

Lakini daftari lilionyesha na upande wa pili, nisiufiche kwa sababu unaharibu uzuri wa hoja. Kulikuwa na siku ambazo moyo ulianguka kwanza. Mteja alimfokea mbele ya watu, umeme ukakatika kazi ikiwa nusu, mama akaumwa. Siku hizo kioo kilirefuka, na doa lile lile ambalo jana lilikuwa "la kawaida" likawa "limesambaa". Ngozi haikubadilika kati ya Jumanne na Jumatano. Huzuni ni taa mbaya. Ukiwasha hiyo, kila kitu kinaota kivuli.

Kwa wagonjwa wa namna hii sonona ndiyo mwenzi wa karibu kuliko yote; katika makundi makubwa yaliyofuatiliwa, karibu watu watatu kati ya wanne wamewahi kuipata. Na kwa kawaida dismofia ndiyo inayotangulia, sonona inafuata nyuma, mara nyingi kwa miaka. Hofu ya kukaa mbele za watu, kinyume chake, mara nyingi huwa imeshakuwapo kabla. Kwa kijana wetu mpangilio ulikuwa kama umenakiliwa: haya utotoni, uso akiwa na miaka 15, huzuni akiwa na 21 au 22, alipoacha chuo cha ualimu kwa sababu ya mafunzo kwa vitendo, maana huwezi kufundisha darasa umewapa wanafunzi shavu la kushoto tu. Huzuni ilikuja ya mwisho, lakini ndiyo iliyoingia kliniki kwanza, kwa sababu ndiyo aliyoweza kuitaja. Kusema "nina huzuni" unapewa pole. Kusema "nina sura mbaya" unachekwa, au unaambiwa na mtaalamu mzima kwamba ngozi yako nzuri tu.

Je, yote hayo yasingekuwa sonona moja yenye sura nyingi? Nililifikiria. Kinachonikatalia ni kwamba uso ulimsumbua miaka sita moyo ukiwa mzima. Na zipo dawa za sonona zinazoinua moyo lakini kwenye dismofia zikawa hazifui dafu. Zinazofaa ni zile zinazofanya kazi kwenye serotonini, kemikali ya ubongo, na mara nyingi kwa dozi kubwa na muda mrefu kuliko sonona yenyewe ingehitaji. Uwezekano wa wazimu wa kupoteza uhalisia pia tuliuchungulia, kwa sababu aliamini kwa "asilimia tisini" kwamba wateja walipocheka walimcheka yeye. Lakini hasikii sauti, mawazo yake yamepangika, na hata mwenye dismofia anayeamini kwa asilimia mia hutibiwa kwa dawa zile zile, si kwa kukimbilia dawa za wenda wazimu.

Matibabu, na mahali yalipokwama

Mambo ya dawa niliyaacha kwa daktari wa akili. Alimwondoa taratibu kwenye amitriptilini, akaanza fluoksetini, mojawapo ya zile za serotonini, miligramu 20, akaipandisha kidogo kidogo hadi 60. Kwa kuwa kijana hajafika miaka 25, na dawa za kundi hili mwanzoni zinaweza kuchochea mawazo ya kujidhuru kwa vijana, alionwa kila wiki mwezi wa kwanza. Nilimwambia tangu mwanzo asitegemee kuona tofauti kubwa kabla ya wiki kumi na mbili. Alikubali shingo upande. Neno la Mirembe lilitajwa pia, bila shaka. Mjini hapa hata watoto wakigombana wanaambiana "utapelekwa Mirembe", kana kwamba hospitali ya taifa ya afya ya akili ni jela. Mama yao alitaka hakikisho kwamba mwanawe hapelekwi huko. Nikamweleza kuwa hapelekwi kwa sasa kwa kuwa hahitaji kulazwa, na kama angehitaji ningempeleka mwenyewe na kumshika mkono.

Alikuwa ameweka akiba ya laki nne apande treni kwenda Dar kusugua ngozi kwenye kliniki ya urembo aliyoiona mtandaoni. Sikumkataza. Nilimwomba miezi mitatu. Wanaotibiwa kasoro isiyokuwapo kwa kawaida hawaponi. Wengi hubaki walivyo au huhamishia macho sehemu nyingine. Akasema, "Miezi mitatu tu, mama." Hadi leo hajaipeleka huko Dar, ila mwezi wa nne aliinunulia seti ya spika, jambo lililomfurahisha kila mtu isipokuwa dada anayelala chumba cha pili.

Kikwazo kikubwa kilitoka kwenye ile tyubu. Daktari wa ngozi alimwelekeza aiache, kwa sababu krimu ya steroidi ukiitumia usoni kwa miezi inakondesha ngozi na kuzoesha mishipa. Alipoiacha, uso ukamlipukia: wekundu, vipele vidogo vidogo, joto, kuwasha. Mtu aliyekuwa akihangaikia kasoro isiyoonekana sasa alikuwa na kasoro ambayo hata konda wa daladala aliiona. Moyo ulishuka hadi 1. Wiki ile tulionana mara tatu, na dada alihifadhi dawa zote za nyumbani chumbani kwake. Sitasahau alichosema: "Sasa mnaniona?" Kulikuwa na ahueni ndani ya sauti yake. Ilimchukua karibu wiki sita ngozi kutulia, na katika wiki hizo tulijifunza jambo ambalo nisingeweza kumfundisha kwa maneno: kwamba uso ulipokuwa mbaya kweli, dunia haikubadilika kama alivyotabiri. Mwajiri aliendelea kulalamikia muda. Watoto wa dada waliendelea kumrukia mgongoni.

Mazoezi yenyewe yalikuwa ya kawaida kwa tiba ya fikra na tabia, lakini nitataja mawili. La kwanza ni kioo. Hakuna kukivunja wala kukifunika. Kukikwepa ni ugonjwa ule ule umegeuza koti. Alisimama umbali wa mkono mmoja, dakika tatu za kuhesabu kwa saa ya mkononi, na alitakiwa aueleze uso wote kwa maneno ya mtu anayetoa maelezo polisi: "paji la uso, pana kiasi, nyusi mbili, nyeusi, pua, matundu mawili." Neno "mbaya" haliruhusiwi, "nzuri" nalo haliruhusiwi. Mwanzoni macho yake yalirudi kwenye shavu la kulia kama nzi kwenye kidonda. Wapo watafiti waliowapima ubongo watu hawa wakitazama nyuso na kukuta wanauchakata uso kwa vipande vipande, si kwa ujumla. Siilaumu kazi ya picha kwa kumsababishia hilo, mafundi picha wako wengi na wazima. Ila ilimpa mazoezi ya saa nane kila siku.

La pili ni plasta. Ngozi ilipotulia tulibandika plasta kubwa, nyeupe, katikati ya shavu la kulia, bila barakoa, akaenda soko la Majengo kununua nyanya. Kabla ya kwenda aliandika utabiri: watu kumi watakodoa macho, watatu watacheka. Nilimfuata kwa nyuma hatua ishirini hivi. Alirudi na fungu la nyanya na taarifa: mmoja alimtazama. Muuza nyanya alimwambia, "Pole kaka, bodaboda nini?" kisha akamuuliza kama anachukua na vitunguu. Alichukua na vitunguu.

Dada naye alikuwa na kazi yake. Kila jioni kijana alimuuliza "Hapa pakoje?" akielekeza shavu, na dada alijibu "Pazuri", mara kumi, mara kumi na tano. Tukakubaliana ajibu: "Mdogo wangu, hilo swali tumeliweka kwa mama wa kliniki." Siku ya tatu aligombana naye hadi sahani ikavunjika. Wiki ya tatu swali lilikuwa limebaki mara moja kwa siku, na siku nyingine linasahaulika.

Kulikuwa na bibi pia. Mama wa mama yao, Mgogo wa zamani, ana alama ya mviringo kwenye paji la uso aliyochanjwa utotoni. Kijana alikwenda kumsalimia Krismasi, mara ya kwanza bila barakoa. Bibi alimtazama muda mrefu, kijana akaanza kutetemeka, kisha bibi akasema amekonda, apewe ugali zaidi.

Mwezi wa sita wa matibabu alama zake za sonona zilikuwa 6. Saa tano za kioo zilikuwa dakika arobaini. Vitu hivi viwili vilishuka pamoja, na sitajifanya kujua kila mara kipi kilikivuta kingine. Kuna wiki moyo ulitangulia, kuna wiki kioo. Anaendelea na dawa. Daktari hana haraka ya kuipunguza, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kurudi dawa ikiachwa mapema. Mwezi wa tano alikwenda NIDA. Hakuniambia, niliambiwa na dada.

Na haiba? Nilimpima tena mwezi huu wa saba, kama nilivyoahidi kwenye faili. Kukwepa watu kumepungua sana. Amejiunga na kwaya, upande wa sauti za chini, anasimama mstari wa nyuma lakini anasimama. Kuumia haraka kupo. Daftari lake la mazoezi ameliandika upya mara mbili kwa sababu mistari haikunyooka. Mama yake anasema bado ana haya, na bado anasema kwa fahari.

Alipokuwa anaondoka nilimuuliza, kama mzaha, leo kwenye daladala kakaa wapi.

"Nyuma, mama. Kulia."

"Bado?"

"Mbele kunachoma, mama. Jua."

Ilikuwa saa mbili asubuhi, Julai, na wote wawili tulikuwa tumevaa masweta.